Mende Mweupe wa Jiko la Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Hapa kijijini Kanja ni baridi ya kuuma masikio. Dada yangu Wawira amepiga simu kutoka Kaaga, huko Meru, anakofundisha. Anasema jiko la marehemu mama litabomolewa mwezi huu. Limejaa mende, linamtia aibu. Atajenga la gesi. Gesi! Humo ndimo mama alimotupikia nduma tangu tujue kutembea. Ukinusa ule ukuta wa masizi unamsikia kabisa akikohoa. Nimekaa mle ndani nikalia kidogo. Nikajiambia ni moshi, ingawa sikuwa nimewasha moto.

Wawira hajui siri yangu. Wale si mende tena. Ni mifugo.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike vizuri, vizazi vije kusoma. Nikiwa mdogo nilimwona mende mweupe pe juu ya mafiga. Mama alikuwa ameinua kandambili, na mama hakuwahi kumsamehe mende. Huyu akamsamehe! Akairudisha kandambili mguuni, akaendelea kukoroga uji. Nikaelewa: kuna ukoo wa mende weupe, na mama aliuheshimu. Nikiurudisha, jiko litapona. Nani atabomoa zizi la mifugo ya aina yake?

Njia ni ile ya ng'ombe wa gredi: unachagua wazazi. Wa rangi hafifu wanabaki kwenye ndoo, mdomo wake nimeupaka mafuta ya kujipaka wasipande. Weusi nawarusha ng'ambo ya ua, kwa kuku wa jirani yangu Gachoki. Nimefanya hivi tangu mwaka jana. Kuku wake wamenona hadi wanatembea kwa shida, naye kanisani anashuhudia eti ni maombi. Huyu mtu ananikera.

Alhamisi, 7 Agosti

Amezaliwa! Nimefunua ndoo alfajiri, huyo hapo. Mweupe kama maziwa, macho meusi, mpole. Tena mkubwa tangu kuzaliwa! Kando yake ganda tupu, nadhani ndilo yai.

Ni jike. Kimila, binti wa kwanza wa mwanamume huitwa jina la mama wa huyo mwanamume. Mimi sijaoa, Wawira ana wavulana watupu. Jina la mama limekaa bila mtu tangu tumzike. Basi huyu ni Wambura. Nimemwita kwa sauti mara tatu.

Nimemhamishia kwenye kopo peke yake, nikamwandikia Wawira: "Wambura amezaliwa leo. Mweupe sana. Tafadhali usibomoe jiko la mama."

Amejibu papo hapo! Mungu ni mwema, jiko lisiguswe, anakuja Jumamosi. Kumbe dada yangu anapenda sayansi. Akauliza kama anakula. Nikasema anapenda uji. Akaniambia nisiringie weupe, wote huzaliwa weupe, rangi huja baadaye. Wivu tu. Wangu habadiliki.

Ijumaa, 8 Agosti

Wizi! Ndani ya kopo kuna mende wa kahawia. Wa kawaida kabisa, hata sura hana. Wambura ameibwa na kubadilishwa. Ni Gachoki. Ushahidi ninao: amenisalimia akitabasamu. Nimekaa langoni na panga mpaka giza. Hakuja kukiri.

Jumamosi, 9 Agosti

Vigelegele langoni. Wawira na akina mama wanne wa kanisa. Uji kwenye termosi, mkungu wa ndizi, blanketi la waridi. Wawira akauliza mtoto ako wapi. Nikaenda kuleta kopo, nikaanza kueleza habari za wizi.

Walichungulia mmoja mmoja. Mmoja aliweka mkungu chini polepole. Ng'ambo ya ua Gachoki alicheka mpaka kuku wake wakatawanyika.

"Ngari," Wawira akasema, "mimi nimelia njia yote kutoka Meru. Nilijua mama amerudi."

Nilitamani nami niingie kwenye kopo. Nikamweleza kuhusu ile kandambili ya mama. Wawira akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda cha mama.

"Yule mende alikuwa amejibambua ngozi tu," akasema. "Rangi ingerudi kabla ya mchana. Mama alisema mtu akivua koti hapigwi. Mngoje avae, ndio mpigane."

Hapo akacheka, kisha akalia, halafu sikujua tena ni lipi. Tukanywa uji wote, akina mama wakikumbuka jinsi mama alivyolenga na ile kandambili. Wawira alipitisha kidole ukutani, akanusa masizi. Akaamua jiko libaki. Masharti: mende watoke, na nitafute mke. Blanketi ameliacha kwenye sanduku la mama, limngoje Wambura wa kweli.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeapa kanisani, ibada ya alfajiri. Nimeshika Biblia kabisa. Mende basi.

Nimerudi kumwaga ndoo. Huyo hapo! Mweupe kuliko yule. Dume, mabega mapana. Huyu hakuvua koti, nimemchunguza pande zote. Amezaliwa hivi. Kando yake yai lake.

Kimila kijana wa kwanza huitwa jina la babu yake, yaani baba yangu. Asubuhi hii ni baridi, nimemfunika na kona ya lile blanketi. Nimemwandikia Wawira: "Ndambiri amezaliwa. Njooni kabla ya mchana."