Kiti cha Soko na Krimu ya Magamba

Jumatatu, 6 Januari

Upepo mkavu wa harmatani umehamia Techiman na mizigo yake yote. Vumbi la jangwani kwenye uji, vumbi kwenye kope. Midomo imepasuka. Mikono yangu usiseme: mikavu, myeupe, magamba kuanzia viganjani hadi viwikoni. Maisha yangu yote nimebeba viazi vikuu, bila mjomba wa kunishika mkono, na shukrani yenyewe ndiyo hii.

Kampeni imeanza. Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa upande wa viazi. Mwenyekiti ndiye anayegawa sehemu za kuuzia. Sehemu yangu iko ubavuni mwa choo cha soko, mwaka wa sita huu. Upepo ukivuma, wateja wananusa viazi, kisha wananitazama mimi. Nsiah, ambaye hajawahi kuinua hata kiazi cha mbegu, yuko langoni. Na mpinzani wangu ni huyo huyo Nsiah.

Nimeanza kwa kumpa mkono Nana Dufie, malkia wa soko. Ameurudisha wake upesi na kuukagua, kama anayehesabu vidole. Nsiah akasema, kwa sauti ya kufika hadi kwa wauza nyanya, kwamba mwenye magamba akagombee upande wa samaki. Watu wakacheka. Wapagazi wangu nao wakacheka. Nimewaweka moyoni, mmoja mmoja.

Jumanne, 7 Januari

Asubuhi nilitaka kumkuna mgongo mke wangu Afrakoma. Akasema, Baba Pokua, mikono hiyo ikakune tangawizi kwanza, ndiyo irudi kwangu.

Nimekwenda duka la dawa. Madamu Akyaa amenipa tyubu ya krimu yenye yurea, akasema ndiyo hasa ya ngozi kavu yenye magamba. Nipake kidogo, mara mbili kwa siku, baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu bado. Penye mpasuko nisipake, pataniwasha. Baada ya wiki mbili nitaona tofauti.

Wiki mbili! Uchaguzi ni Jumamosi. Madamu Akyaa ni mtu wa kitabu, mimi ni mtu wa hesabu. Mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili, ni ishirini na nane. Nina siku nne. Basi ni mara saba kwa siku. Halafu kuna nyongeza. Kila muuza viazi anajua kwamba mia yetu ni mia na kumi. Anayempa mteja mia kavu ni mwizi. Dawa nayo haiwezi kukosa nyongeza. Mara nane.

Nimeanza hapo hapo dukani. Nimepaka na kwenye mipasuko iliyoachwa na kamba za mizigo. Imewasha hadi machozi. Maana yake inafanya kazi. Madamu Akyaa ametikisa kichwa. Wivu wa kitaalamu.

Jumatano, 8 Januari

Siku ya soko. Tatizo: krimu inashika udongo wa viazi. Saa tatu asubuhi nilikuwa na mikono ya mfinyanzi. Nikabuni njia. Nimepaka kwa wingi, nikavaa mifuko ya plastiki, nikafunga kwa raba. Ndani joto, nje safi. Ningekuwa nimesoma, ningekuwa profesa.

Mteja kutoka Kumasi akachagua kiazi cha pona, aina nzuri kuliko zote, kikubwa kama mtoto wa kuanza shule. Nikakiinua. Kikatoka kwenye mifuko kama sabuni na kutua juu ya kidole chake cha mguu. Nimeomba radhi. Akaenda kununua kwa Nsiah, akichechemea.

Nsiah amepita baadaye, mikono mfukoni. Akasema, Gyabaah kaka yangu, nasikia siku hizi hata viazi vinakukimbia.

Mdomo wangu umepasuka, kucheka na kutukana vyote vinauma.

Alhamisi, 9 Januari

Magamba yanatoka! Yanatoka kwa mabaka, kama rangi ya ukuta wa zamani. Chini yake ngozi nyekundu inayowaka. Afrakoma ameuliza kama najivua gamba nihamie porini. Nimemwambia avumilie, mwenyekiti anazaliwa.

Lakini jioni nimegundua jambo. Tyubu imepungua kuliko hesabu yangu. Nimechunguza. Visigino vya Afrakoma, vilivyokuwa vikavu hadi kukwaruza shuka, sasa vinang'aa kama maembe. Mikono yake pia. Nimemwita nikamuuliza. Bila aibu akasema anapaka tangu juzi, punje moja tu, asubuhi na jioni, akitoka kuoga, kama Madamu Akyaa alivyoeleza. Nikasema hiyo ni dawa ya kampeni. Akasema basi naye anaifanyia kampeni miguu yake.

Nimenunua tyubu ya pili. Nimeificha ndani ya kiatu cha kanisani.

Ijumaa, 10 Januari

Viganja vimelainika. Nimejishika shavu, nikashtuka, nikadhani ni mgeni.

Mkakati wa kesho. Wagombea hupita wakiwapa watu mkono, kuanzia kulia kwenda kushoto kama adabu inavyotaka, kisha kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka. Nsiah ana mkono mmoja wa kutoa. Mimi nitatoa miwili: wangu, na nyuma yangu wa Afrakoma, ambaye anauza viazi nami na anafahamika na kila mtu. Kila mpiga kura atasalimiwa mara mbili. Nsiah hawezi kupata hesabu hiyo.

Afrakoma hakutaka. Alisema ana nguo za kufua. Nimembembeleza hadi usiku. Nimemshinda.

Jumamosi, 11 Januari

Kabla ya kutoka nyumbani nilipaka tyubu yote iliyobaki. Nyongeza.

Wa kwanza kulia alikuwa Nana Dufie. Nikampa mkono. Akaushika, akatabasamu, ulikuwa laini. Kisha tukaachana kwa desturi yetu ya salamu, vidole vya kati vikikwaruzana ili vitoe mlio, ta, kama watu wanaopendana.

Hakuna mlio. Kidole changu kiliteleza tu. Tukarudia. Kimya. Mara ya tatu mkono wangu ulichomoka ukampiga kifuani katibu wa soko aliyesimama kando yake.

Techiman nzima inajua: mkono usiolia ni wa mtu mwenye kesi nawe. Nana akapangusa kiganja kwenye kitambaa, akauliza kama nimempa mkono au mchuzi wa bamia. Nikaendelea. Wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Safu nzima ikawa inajipangusa kwenye suruali. Na nyuma yangu, mtu kwa mtu, Afrakoma: ta. Ta. Ta. Kama kuni kavu.

Nsiah akaona ameshinda. Akainua viganja vyake, akawaambia watu watazame mikono ya kiongozi, mikono isiyojua mizigo. Wapagazi wote walikuwa pale. Wakatazama viganja vyao wenyewe, kisha wakampa mgongo.

Ndipo mzee Badu, muuzaji mkongwe kuliko wote, akauliza kwani huyu mama wa nyuma hagombei. Nana akasema mkono wake ni laini, unalia, na umebeba viazi. Afrakoma akasema jamani, mimi nimesindikiza tu. Walikuwa wameshajipanga nyuma yake. Wapagazi wangu ndio waliotangulia.

Nilisimama peke yangu. Kisha jua likawa kali, nikaenda nami kwenye mstari wake.

Jumapili, 12 Januari

Mke wangu ni mwenyekiti. Nilikubali kwa moyo mmoja, maana sehemu ya langoni sasa iko ndani ya nyumba. Baada ya kanisa nimemkumbusha kuhusu choo. Akasema Baba Pokua, nikikuhamisha wewe wa kwanza watasema nini. Nsiah ameondolewa langoni, sawa, lakini sehemu yake amepewa mama mmoja mjane. Sisi tunabaki pale pale. Labda mwakani.

Nsiah amewekwa jirani yetu. Sasa tunanusa pamoja.

Nimekaa na kupiga hesabu upya. Kosa liko wazi: muda ulikuwa mfupi na dawa ilikuwa kidogo. Uchaguzi ujao ni baada ya miaka minne. Mara nane kwa siku, na nyongeza nyingine juu yake, ni zaidi ya mara elfu kumi na mbili. Hakuna mkono utakaolinganishwa na wangu. Na mlio nimeshaupatia ufumbuzi: siku yenyewe nitashika majivu kwanza.

Kesho asubuhi nipo kwa Madamu Akyaa. Nitauliza kama krimu hii inauzwa kwa ndoo.