Akriliki Haikatiki, Wanasema

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua akriliki! Bamba zito la plastiki ngumu, jeupe, lenye utando wa bluu juu na chini ili lisichubuke. Nimeliingiza kwa mlango wa nyuma na kulificha nyuma ya kabati. Mama Watoto hajashtuka.

Jumamosi anafungua duka lake: chumba chetu cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Atashona na kuandika majina kwenye fulana. Duka halina bango. Lakini ana mashine ndogo ya mezani, ile ya kukatia herufi za stika kwa kisu chenye ncha kama ya kalamu. Nitaitumia kukata herufi nene za kubandika juu ya mlango: SHONA NASI. Nitamwambia afumbe macho. Akifumbua, atalia. Nimeshaandaa leso.

Muuza plastiki aliniuliza nitaikata kwa kutumia nini. Nikamwambia. Akasema mashine hizo ni za karatasi na stika, na akriliki nene kiasi hiki haikatiki kwa kisu, labda kuichora juu juu tu. Nilimshukuru kwa upole. Watu wengi wanauza vitu wasivyovijua.

Tangu ghala nililokuwa nafanyia kazi lifungwe nikarudi kukaa nyumbani, kila kitu humu ndani kinatoka mikononi mwake. Sisemi kwa uchungu. Nataka tu pale mlangoni pawe na kitu kimoja ambacho mtu akiuliza kimetengenezwa na nani, jibu liwe mimi.

Jumanne, 5 Machi

Mama Watoto kaenda sokoni kutafuta uzi. Nikabaki na mashine.

Orodha yake ya vitu vya kukata haina akriliki. Nikachagua kadibodi nene. Binamu yake, kwa maoni yangu. Kisu kikapita, kikarudi, kikapita tena. Nikaongeza mizunguko. Nilipolitoa bamba, herufi zote zilikuwa pale, mistari safi. Nikapitisha kidole: mfereji kabisa. Imekata!

Hapo ningenyamaza. Badala yake nilimwita Bwana Herufi, mchora mabango wa ng'ambo ya barabara, ambaye salamu yake kwangu siku hizi ni kuuliza kama nimepata kazi. Akaja, brashi sikioni. Nikaisukuma S itoke. Haikutoka. Nikaikandamiza kwa dole gumba. Bwana Herufi akaomba ruhusa, akapenyeza ukucha pembeni, akavuta. S ikabanduka vizuri sana, nyembamba, ya bluu, ikabaki inaning'inia kidoleni mwake. Chini yake akriliki nzima, haina hata mkwaruzo.

Nilikuwa nimekata utando.

Afadhali angecheka. Alisema kwa heshima kuwa utando umekatwa vizuri, na kwamba kama nataka, atanichorea bango bure, kwa ujirani. Nikamjibu kuwa bado niko kwenye majaribio.

Jumatano, 6 Machi

Mama Watoto kapata kazi yake ya kwanza kubwa: fulana za timu ya shule. Mwalimu wa michezo anazifuata Ijumaa. Akiridhika, shule nzima italeta. Kesho asubuhi anakata majina. Maana yake mashine ni yangu leo tu.

Alipotoka kwenda kupima wateja, nikabandua utando wote. Nikaweka nguvu ya mwisho. Nikalibana bamba kwa utepe wa gundi kwenye mkeka wa mashine, ule unaoshikilia kinachokatwa. Mashine ikaanza kulia kama panya anayetafuna ndoo. Nikatoka kwenda kununua mkate, nisiitie wasiwasi.

Niliporudi, bamba lilikuwa limeteleza likakaa upande. Ncha ya kisu imevunjika. Mkono unaobeba kisu umeinama kama mtu mwenye jino bovu. Na akriliki? Mkwaruzo mmoja.

Kisu nimebadilisha, kuna cha akiba. Mkono umekataa kunyooka. Nimeifunika mashine kwa kitambaa chake na kuamua kumwambia baada ya chakula. Lakini baada ya chakula alikuwa anaosha vyombo huku anaimba. Hajaimba tangu ghala lifungwe. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza, kisha nikaenda kulala bila kumwambia.

Alhamisi, 7 Machi

Mashine imetafuna stika ya kwanza. Ikatafuna ya pili. Nikasema huenda umeme ni mdogo. Akawasha taa, ikawaka vizuri. Nikasema basi labda ni unyevu hewani. Akapitisha kidole chini ya mkono wa kisu, kikatoka na vumbi jeupe. Akakileta karibu na pua yangu na kuuliza taratibu kama huo ndio unyevu wenyewe.

Nikamwambia yote. Hakupaza sauti. Aliketi akaangalia zile fulana zilizokunjwa, na niliona macho yake yanajaa. Hiyo leso ilitumika, ila si kwa mpango wangu.

Baadaye aliuliza bango la nini, ni nani aliyeliomba. Nikasema nilitaka nami niwe na mkono kwenye duka hili. Akafungua droo, akasema kama ni mkono tu, Baba Watoto, basi ulete huo hapa ushike mkasi.

Ijumaa, 8 Machi

Mashine iko kwa fundi. Tangu jana tunakata kwa mkono. Yeye anachora, mimi nakata, yeye anapiga pasi. R yangu ya kwanza ilichechemea. Ya tatu ilisimama.

Tuliongea. Si habari za gesi na sabuni, tuliongea kweli. Alisema anaogopa Jumamosi watu wasije, kwamba anaimba ili asilisikie wazo hilo. Sikujua. Nilidhani mwenye hofu humu ndani ni mimi peke yangu. Akasema hakuhitaji kitu mlangoni. Alihitaji mtu wa kukaa naye chumbani.

Mwalimu alikuja, akageuza fulana moja, akauliza mbona R hii iko hivi. Mama Watoto akajibu, bila kupepesa macho, kuwa ndiyo mtindo. Mwalimu akasema basi naye anataka moja yenye jina lake. Tulicheka mpaka pasi ikataka kuunguza kitambaa. Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi tangu nirudi nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Watu wamekuja! Hakuna aliyeulizia bango. Mama Watoto aliweka kiti cha pili kando ya chake, nikakaa hapo mchana kutwa, nakata, napokea, naambiwa naendelea vizuri. Jioni fundi karudisha mashine, mkono umenyooka.

Kesho anakwenda kuchagua vitambaa na ameniomba tufuatane, tutembee taratibu, tukae mahali tunywe chai. Maneno yake ya jana hayajanitoka kichwani. Mtu aliyekuambia maneno kama yale lazima umshukuru kwa kitu cha maana.

Nimemwambia aende peke yake, mgongo unaniuma. Muuza plastiki anayo akriliki nyekundu, nyembamba zaidi. Nitamkatia moyo wa kubandika mlangoni.