Mashine ya Vibali Yapata Kasi

"Idara ya Vibali vya Biashara Ndogo inayo furaha kuutangazia umma kwamba zama za kusubiri zimekwisha. Mradi Mkuu wa Uhuishaji wa Miundombinu ya Kidijitali utazinduliwa Jumatatu."

Miundombinu yenyewe ilikuwa kompyuta moja ya mezani, kuukuu, inayonguruma kama mashine ya kusaga. Ukiiwasha asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi, unaikuta bado inajifikiria.

Mradi alikabidhiwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Teknolojia. Kitengo kilikuwa yeye peke yake. Cheo alikipata siku printa ilipogoma, akaizaba kofi, ikatii. Tangu hapo wakubwa wakamwita mtaalamu, naye hakuona sababu ya kubishana na watu wazima.

"Ikishindikana," Mkurugenzi alimwonya, "unarudi stoo kulinda mafagio."

"Sawa, mheshimiwa. Na fungu?"

"Fungu lipo. Kamati imekaa vikao vya kutosha kulijadili. Kitakachobaki baada ya posho, chote chako."

Kilichobaki kilitosha diski mpya, zile za kisasa zisizozunguka, na kijiti cha kumbukumbu cha mtumba, kile cha RAM kinachoongeza kasi. Cha kumlipa fundi hakikubaki. Jumamosi Kaimu akajifungia ofisini na bisibisi ya kuazima kwa shemeji yake, akajikaza kisabuni. Ndani ya kasha alikuta vumbi la kujaza mto, na mende aliyeonekana kuwa na ajira ya kudumu kuliko yeye. Alinakili kila kitu kwenye diski mpya, akaifunga. Kijiti akakichomeka kinyume, akakichomoa, akakigeuza, akaomba dua. Mashine ikawaka kabla hajafika amina.

"Mama yangu!" alisema mtaalamu.

Jumatatu Mkurugenzi alikuja na hotuba ndefu, iliyopimwa ijaze muda wote wa mashine kuwaka. Akabonyeza kitufe, akasema, "Ndugu wananchi," na mashine ikawa tayari. Watu wakapiga makofi. Hotuba ikarudi mfukoni.

Mshonaji mmoja, mwanamke aliyefungiwa kibanda chake mwaka mzima kwa kukosa kibali, akaegemea kaunta.

"Kaka, changu vipi leo?"

Kaimu akafungua kinywa aseme maneno yake ya kila siku, kwamba mashine bado inawaka. Hayakufaa tena. Alijiona kama aliyevuliwa shati mbele ya wakwe. Miaka yote hiyo nusu ya uzito wa ile mashine ilikuwa ni yeye kukaa kwenye chai. Ikabidi afanye kazi. Kabla ya adhuhuri vibali vyote vilivyolala vilikuwa vimechapwa na kupelekwa juu, mezani kwa Mkurugenzi, vikisubiri saini tu.

Huko vikakaa. Saini, Mkurugenzi alieleza, inataka tafakuri. Siku zikapita, foleni ikahama kaunta, ikapanda ngazi, ikajaa ukumbini.

"Kumbe kompyuta tumeisingizia!" mshonaji alisema.

"Dada, punguza sauti," alisihi Kaimu, aliyekuwa amepanda kuulizia vibali.

"Nipunguze nini? Mashine imepona, mgonjwa yuko humu ndani!"

Foleni ikaangua kicheko. Mlango wa Mkurugenzi ukafunguliwa, Kaimu akaitwa ndani. Mshonaji akaingiza mguu, mlango usifungike.

"Irudishe ilivyokuwa," Mkurugenzi alinong'ona.

Kaimu hakujua ujasiri ulitoka wapi. "Haiwezekani, mheshimiwa. Kupunguza kasi ni mradi mpya. Mradi unataka kamati, kamati inataka posho, na fungu limekwisha."

"Basi umemwaga unga! Kachape barua ya kukuondoa, sasa hivi!"

Kaimu akashuka, akaichapa mwenyewe. Alisikitika kwamba ilitoka upesi na bila kosa hata moja. Akapanda nayo, akainua lundo la vibali, akaiweka chini kabisa, kama utaratibu unavyoagiza.

"Mbona huko?"

"Hawa wametangulia, mheshimiwa. Ukiwamaliza, utanifikia."

Mkurugenzi alilitazama lundo, akamtazama Kaimu, akalitazama tena. Hasira zikamshinda; akachomoa kalamu na kuvuta kibali cha kwanza. Akaandika, pakabaki peupe. Akaitikisa, akaipulizia, akaandika tena. Wino ulikuwa umekauka, hakuna aliyejua tangu lini.

Mshonaji akausukuma mlango kwa bega, na foleni nzima ikamnyooshea Mkurugenzi kalamu.