Shamsa na Dungu la Mtopanga

Jumapili, 4 Mei 1947

Leo yatimia miaka thelathini na mmoja tangu tutoke Mtongwe na kuja huku Mtopanga. Tulikuwa watatu: mama, dada yangu Dhahabu na mimi. Shamba letu lilikuwa limeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Tulibeba sanduku la vitabu na paka mmoja ndani ya pakacha. Vitabu vimeliwa na mchwa. Mama amezikwa nyuma ya msikiti. Dhahabu yupo, na ulimi wake upo. Paka yule alikufa zamani, lakini uzao wake haukukatika. Shamsa, aliyelala sasa hivi juu ya kofia yangu, ni kitukuu wa kitukuu wake. Ana mimba. Hakuna mwingine aliyebaki.

Sisimizi wanahamisha mayai tangu asubuhi. Mvua kubwa inakuja. Masika ya mwaka jana maji yaliingia humu ndani hadi magotini, na watoto wa Shamsa, wote watatu, wakafa chini ya kitanda. Niliwaficha hapo mwenyewe, kwa usalama.

Mwaka huu sivyo. Nina mpango.

Jumatatu, 5 Mei

Nimejenga dungu nyuma ya nyumba, kama lile la kulindia mpunga kwetu Mtongwe. Nguzo nne za mkoko, sakafu ya fito, paa la makuti, dhiraa tano kwenda juu. Maji hayafiki. Nilipokuwa mdogo nilishinda katika dungu nikifukuza ndege kwa kombeo, na adhuhuri mama akiniletea mhogo wa nazi ndani ya bakuli la bati lenye ua jekundu. Ua lilikuwa limebanduka upande mmoja. Sijui bakuli lile lilikwenda wapi.

Jirani yangu Kombe alikuja kuegemea ua. Akauliza kama ndege wa Mtopanga siku hizi wanakula matope, maana mpunga yeye hauoni. Nikamweleza kuwa dungu ni la paka. Alicheka mpaka mbwa wake akasimama. Kisha akasema, "Mzee Rashid, sisi mvua ikija twauacha wazi mlango wa jiko. Mnyama aingia mwenyewe."

Nilimjibu kwamba nimekuwa karani wa mizani bandarini miaka ishirini, mambo ya uzito na upepo nayajua. Akaenda zake, bado anacheka.

Jumatano, 7 Mei

Shamsa amehamia. Kuhamisha paka kuna kanuni zake. Umfunike asione njia, kisha umzungushe mara saba mbele ya makao mapya, aisahau nyumba ya zamani. La sivyo atarudi. Ndivyo alivyofanya mama siku ile tuliyofika hapa. Alilifunika pakacha kwa leso yake, akazunguka nalo mara saba uani, akilia na kucheka kwa pamoja. Paka hakurudi Mtongwe. Mama naye hakurudi.

Nimefuata kanuni. Mara ya tano nikashikwa na kizunguzungu, nikaudaka mpapai, mpapai ukakatika. Ni wa Kombe. Nikaanza tena kuhesabu toka mwanzo, kwa hiyo Shamsa amezungushwa mara kumi na mbili. Dhahabu alikuwa mlangoni. Akasema, "Kaka, huyo sasa atasahau hata kuwa ni paka."

Nimempandisha dunguni. Mdomo wa pakacha nimeufunga kwa kamba ya makumbi, asije akaanguka.

Alhamisi, 8 Mei

Imekuja baada ya sala ya alasiri. Upepo kwanza, kisha giza, kisha maji. Dungu lilisimama imara kwa muda ambao siwezi kuuita mrefu. Paa likaelekea Bombolulu. Nguzo zikaegemeana kama wazee waliochoka arusini, halafu zikalala. Nilitoka na mwavuli. Mwavuli ukalifuata paa.

Pakacha nililikuta kwenye matope. Kamba ilikuwa imefungwa vilevile, kwa fundo langu. Ubavu umeraruka. Shamsa hayumo.

Humu ndani halikuingia tone. Mwezi wa Machi Kombe alichimba mfereji kuzizunguka nyumba zetu zote mbili. Nilidhani anachezea mpaka. Nilimnunia wiki mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwita hadi kisimani, na kutoka kisimani hadi barabarani. Nimeuacha mlango wazi. Nimeweka kichwa cha samaki kizingitini. Mbwa wa Kombe amekila.

Dhahabu ameniuliza, tena kwa upole, na upole wake ndio unaoniumiza: paka aliyezungushwa mara kumi na mbili ili aisahau nyumba yake, arudi nyumba gani?

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumamosi, 10 Mei

Margret, mke wa Kombe, amekuja asubuhi. Shikamoo, Babu, akasema, njoo jikoni kwangu uone kitu.

Juu ya mafiga wana uchaga, dari ya fito wanapoweka mahindi yapate moshi. Katikati ya mahindi, ndani ya ungo, yumo Shamsa na wanawe wanne. Chini amelala mbwa, kama askari. Margret akanieleza. Shamsa aliingia juzi, dhoruba ikivuma, amelowa chapachapa. Mlango ulikuwa wazi. Alimkanyaga mbwa mgongoni, akapanda. Kombe alitaka kuniambia jana, Margret akamkataza, kwa kuwa paka aliyezaa akisumbuliwa siku ya kwanza huhamisha wana. Kombe, aliyeketi kando ya mafiga, akaongeza, "Tena ungekuja na pakacha."

Akanisogezea kigoda. Nikakaa. Margret alichochea makumbi, tui likachemka, moshi ukapanda taratibu kupita katika mahindi. Jiko la mama lilikuwa na moshi huu huu. Nilikaa mpaka macho yakatoka machozi, na hakuna aliyeniuliza kama ni moshi.

Kutoka kwao hadi kwangu ni hatua ishirini. Nilizitembea nikiwaza. Paka alizungushwa. Mama alizunguka naye. Mimi hakuna aliyenizungusha. Ndiyo maana njia bado naijua: daraja la Nyali, mjini, kivuko cha Likoni, kisha mkono wa kulia mpaka kwenye mnazi uliopinda kiwiko.

Jumatatu, 12 Mei

Shamsa hataki kuja kwangu. Nilipomwita alinitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekuja bila barua. Kombe amesema nije kumwona kila siku nipendapo. Ule mpapai hakuutaja. Ni mtu mwema, ila mipango haijui.

Margret ameniahidi mtoto mmoja, yule wa kijivu, akiacha ziwa. Wa kijivu nimeshamchorea. Dungu la dhiraa saba, nguzo sita, makuti maradufu. Pakacha nitalifunga kwa kamba mbili. Mara hii Kombe atahesabu mizunguko, mimi nizunguke tu.

Nilimsomea Dhahabu mchoro, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikamwambia pia lile nililoliwaza njiani juzi, kwamba mimi hakuna aliyenizungusha. Aliutazama mchoro, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Basi tuanze na wewe, kaka. Pakacha kubwa litapatikana."

Nimemwambia hakuna haja. Mtongwe sitarudi.