Premio Iliyonuka Maziwa

Mtu anayetaka gari hujulikana kwa kidole. Anapita karibu na gari ya mwenyewe, anaigusa kidogo, halafu anaficha mkono kama aliyeonja mboga kabla ya wageni. Dan Kubai, muuza magari, alimwona Abiba akifanya hivyo kwa gari ya daktari, pale soko la maziwa Isiolo, na moyo wake ukaanza kuimba kwaya na ngoma.

Abiba alikuwa mjane, muuza maziwa ya ngamia, mama yake Ikra. Wiki hiyo alikuwa ameuza kule Garbatulla ngamia wake wa mwisho, wale waliovuka ukame, ili apate gari ya kubeba mitungi asubuhi na watoto jioni. Akiuziwa gari mbovu, hana ngamia na hana gari. Dan alijua yote hayo kabla chai ya saa nne haijapoa, maana kazi yake ilikuwa kujua.

"Salaam aleikum, Mama Ikra," akasema kwa lafudhi ya kuazima. "Nasikia unatafuta gari ya familia. Mungu ameniamsha leo na mbili."

Kweli alikuwa na mbili, Premio nyeupe na Allion nyeupe, zimesimama ubavu kwa ubavu kwenye uwanja wake kando ya barabara ya mnadani. Gari hizo ni watoto wa mama mmoja. Zinatofautiana taa kidogo, na jina, na mwenye hamu ya gari haangalii taa. Premio ya Dan ilikuwa nzima kama yai. Ndiyo mali pekee ya maana aliyokuwa nayo duniani, na hakuwa na nia ya kuiuza hata kwa malaika. Allion yake, hiyo ni habari nyingine. Mbele ilitoka kwa ajali ya Nanyuki, nyuma kwa ajali ya Meru, na katikati zilifungishwa ndoa na fundi mwenye imani kubwa.

Biashara ilikwenda hivi, na anayesoma asijifunze. Mteja anajaribu Premio, anaipenda. Jioni Dan anachukua bisibisi, anabadilisha majina ya nyuma na namba za gari hizo mbili. Asubuhi mteja anaondoka na Allion iliyovaa jina la ndugu yake. Akirudi kulalamika, Dan yuko Marsabit kwa mazishi ya mjomba. Mjomba huyo, Mungu amrehemu, alikuwa ameshazikwa mara kadhaa.

Lakini Abiba hakununua kama watu wa mjini. Alikuja na Mzee Halkano, dalali wa ngamia, wakazunguka zile gari polepole. Halkano aligonga tairi kwa fimbo, akafunguliwa boneti, akachungulia muda mrefu kama anayehesabu meno. Dan alizisifu zote mbili. Alisema kiti ni kile kile, injini ni ile ile, tofauti ni majivuno tu. Premio akaipandisha bei mpaka juu ya mlima, Allion akaipa bei ya kutupa. Hapo ndipo palipokuwa na uganga: mwenye hela mkononi huogopa kitu rahisi. Hukimbilia ghali mwenyewe, bila kusukumwa.

Abiba akaiendesha Premio mpaka uwanja wa ndege na kurudi, akishuka anacheka peke yake. Kabla hajafunga mlango alitoa kibuyu kidogo, akanyunyiza maziwa kwenye zulia chini ya kiti, akaomba dua, vile mnyama mgeni anavyokaribishwa boma. Dan, Mkristo wa Krismasi, akaitikia amina ya nguvu.

"Nimeipenda hii," Abiba akasema. "Lakini mnyama hachaguliwi siku moja. Wacha nilale nayo moyoni."

"Lala salama, Mama. Hata ukiamka umependa Allion, chukua Allion. Bei ni hizo hizo. Mimi sina maneno mawili."

Halkano akanyoosha mkono. "Sema tena, ukiwa umeshika hapa."

Kule mnadani, neno lililosemwa mkono ukiwa ndani ya mkono wa shahidi halirudi. Anayelirudisha hauzi tena hata kuku mji huu. Dan akashika, akalirudia neno lake kwa sauti ya mchungaji siku ya sadaka.

Jioni bisibisi ikafanya kazi. Ile Allion, sasa Premio kwa jina, ikapuliziwa marashi ya stroberi. Ile Premio ya kweli akaifunga vioo vyote kwa sababu ya vumbi, akaenda zake. Asubuhi jua la Isiolo likaamka na kuanza kupika.

Abiba alifika na Halkano, na kina mama wa maziwa nyuma yao. Dan akamfungulia mlango kama bibi harusi. Abiba akaingiza kichwa. Akainama chini ya kiti, akanusa zulia. Stroberi tupu. Akatoka, akavuka kwa ile nyingine, akafungua.

Harufu ikatoka mbio, ikasalimia kila mtu kwa jina. Mama mmoja akaziba pua kwa leso. Abiba alitabasamu kama aliyekutana na mbuzi wake aliyepotea.

"Kubai, nimebadilisha mawazo. Nachukua Allion."

Dan akacheka. Halafu akaona anacheka peke yake.

"Mama, lakini hii inanuka."

"Inanuka kwetu."

Dan akaeleza kwamba Allion haifai mama wa heshima, kwamba injini yake inakohoa. Halkano akauliza kama si jana tu injini ilikuwa ile ile. Dan akasema basi kuna mteja mwingine ameshaishika. Halkano hakubishana. Alifungua kiganja chake tu, akakitazama, kama mtu anayetazama kitu alichowekewa. Dan alitamani kupiga kelele kwamba hiyo ndiyo Premio, lakini angeulizwa imevaaje jina la Allion. Na habari ikiingia mdomo wa kina mama wa maziwa, hufika Biliqo, mbali kule, kabla ya jua kutua.

Bei ya kutupa ikatupwa. Simu ya Dan ikapokea hela, ikalia mara moja, kwa sauti ndogo, kama inampa pole.

Abiba akamsogelea. "Jina lake na namba zake za kweli utaniletea kesho, nyumbani, pamoja na hati zake. Kuja na bisibisi yako. Ama nimwite askari atusaidie kutafuta nani alizihamisha?"

Dan hakutaka msaada wa askari. Kesho yake aliendesha Allion mpaka nyumbani kwa Abiba, nje ya mji, njia ya Garbatulla. Akapiga magoti nyuma ya Premio yake ya zamani, akairudishia jina na namba kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza, Abiba akamletea kikombe kikubwa cha maziwa ya ngamia, kimejaa mpaka mdomoni.

"Kunywa, Kubai. Mgeni hatoki kwangu mkavu."

Kukataa maziwa ni kutukana nyumba, na Dan alikuwa amebakisha marafiki wachache. Akayamaliza. Abiba akamuuliza kama tumbo lake limeyazoea. Akajibu kwamba yeye amezoea kila kitu.

Katikati ya uwanda, mahali ambapo hakuna nyumba wala mti, imani ya yule fundi ikaisha. Allion ikakohoa, ikazima. Dan akageuza ufunguo, ikakataa kuwaka. Tumbo lake, lenyewe, likawaka kwa jaribio la kwanza.

Punde vumbi likainuka barabarani. Premio nyeupe ikaja, mitungi ikigongana ndani. Ikapunguza mwendo, ikapiga honi ya salamu, ikaacha harufu kidogo, ikapita. Dan hakuweza kupunga mkono. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kichaka kifupi kuliko yeye.