Umande wa Chupa

Jumatatu, 4 Machi
Mwenyekiti wa chama chetu cha wapiga picha za wadudu ametangaza: picha moja tu ndiyo itakayotundikwa kwenye ukumbi wa maktaba. Miaka mitatu nimo, sijatundikwa hata mara moja. Akakumbusha sheria. Mdudu haguswi, hahamishwi, hapambwi. Wote wakanigeukia. Kwa nini mimi?

Jumanne, 5 Machi
Mfamasia, mwenzetu chamani, ana buibui wake, jike la manjano, kwenye ua ulio nyuma ya duka lake la dawa. Anamfuatilia tangu akiwa kama punje ya mtama. Leo kanionyesha kwa hiari yake, akanisihi nisimsumbue maana yuko karibu kutaga. Nikaahidi. Roho iliniuma kwa wivu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewahi kabla ya mfamasia. Hakuna umande! Utando bila umande ni nyuzi tu. Lakini penye nia pana njia: nilikuwa nimebeba chupa ambayo mke wangu hunyunyizia nguo akipiga pasi. Matone yakakaa vizuri ajabu. Nimepiga picha ya maisha yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu kauliza nani kamaliza maji yake ya wanga. Nikatoka mbio. Utando umekakamaa kama kola ya sare. Buibui anavuta uzi, anaacha, anavuta tena. Mfamasia kachuchumaa mbele yake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama najua kazi ya kusuka upya na tumbo lile. Nimeona aibu, na huzuni pia.

Jumamosi, 9 Machi
Buibui hayupo. Mfamasia kapekua ua mzima, wapi. Picha yangu imekataliwa. Mwenyekiti kasema umande hauachi unga mweupe. Mfamasia alileta picha ya utando mtupu, nao wameichagua hiyo. Nilisimama mbele ya picha hiyo mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi.

Jumapili, 10 Machi
Nimetubu kwa dhati. Nimekwenda kwa mfamasia, nikamwomba radhi, nikaapa sitaugusa tena utando wa buibui yeyote. Kanisamehe, muungwana yule.

Vunjajungu hana utando. Yumo kwenye friji la dada yangu, ndani ya bakuli lenye kifuniko, apoe kidogo atulie nimpige picha. Dada hajaambiwa.