Malalamiko Dhidi ya Simu Iliyolia Jikoni kwa Bi. Raili

Kuikkaperä,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Masafa ya Simu,
Helsinki.

Mheshimiwa,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kutafakari kwa siku ishirini na sita, nakuarifu rasmi kwamba Jumanne ya tarehe 14 Oktoba, saa nne na robo asubuhi, simu ya Bi. Raili Tuovinen ililia jikoni kwake. Bi. Raili aliipokea. Alizungumza na mpwa wake kwa dakika tisa, akiwa ameketi, huku akimenya viazi.

Najua kwa mtu wa Helsinki hili si jambo. Huko nasikia simu hulia hata chooni. Lakini mimi nilikuwa uani kwangu, nimeshavaa viatu, chupa ya kahawa mkononi, nikimsubiri atoke. Dirisha lake lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya harufu ya samaki, nami nikasikia yote. Alipomaliza kuzungumza hakutoka. Aliweka viazi motoni. Kahawa niliinywa peke yangu, nimesimama, nayo haikuwa na ladha.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, niruhusu nirudi nyuma kidogo. Mimi ni Oiva Pöntinen, fundi mstaafu wa mashine za kukamulia ng'ombe, mjane, mwenye akili timamu. Bi. Raili ni jirani yangu, naye ni mjane. Jirani yetu wa tatu ni Kauko, aliyekuwa mpishi melini, na ndiye aliyetuletea mimi na Bi. Raili simu mbili kutoka Marekani, akisema huku hatutaona simu kama hizo. Katika hilo alisema kweli. Yeye mwenyewe hakujinunulia, na sasa najua kwa nini.

Simu zile zilifanya kazi vizuri mpaka mlipozima mtandao wa zamani. Baada ya hapo, ndani ya nyumba zetu zikawa kama sabuni: umbo zuri, lakini huwezi kuongea nazo. Nilisoma kijitabu cha simu hizo kwa wiki mbili, na kamusi pembeni, nikagundua kwamba simu ya Marekani imefundwa masafa ya chini ya kwao, si ya kwetu. Kati ya masafa ya kwetu inajua yale ya juu tu, ya elfu moja na mia nane kwenda mbele, ambayo hayapiti kilima wala ukuta wa magogo. Kwa hiyo ili tupige simu ilitubidi tupande mpaka kwenye jiwe lililo nyuma ya kijiji, ambapo mnara unaonekana ng'ambo ya ziwa.

Tulipanda kila siku kwa miaka miwili, saa nne na robo. Bi. Raili alimpigia mpwa wake, Sini, aliyeko Tampere. Mimi nilikuwa na shughuli zangu za kibenki, ambazo zinahitaji kusubiri sana. Tuliketi tukiwa tumepeana mgongo, kama adabu inavyotaka, ili kila mmoja asikie kila kitu bila kuonekana anasikiliza. Kisha nilimimina kahawa, naye alifungua kitambaa chenye mkate mtamu wa iliki. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Siku nyingine hatukuwa na neno hata moja, na hizo ndizo zilikuwa siku nzuri zaidi.

Mwezi wa tisa Bi. Raili aliteleza kwenye utelezi wa jiwe akaumia nyonga. Sini akaja na gari, akafoka kidogo, akamwachia shangazi yake simu mpya ambayo, kwa mujibu wa boksi lake, inashika bendi ishirini na nane za masafa. Mheshimiwa, mtu mmoja ana haja gani na bendi ishirini na nane? Redio ya babangu ilikuwa na tatu, na vita tulivisikia vyote.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu adabu. Nimechunguza hizo bendi na mkosaji nimempata: ni masafa ya mia nane. Masafa ya juu ni ya kistaarabu. Yakifika kwenye kilima husimama, yakifika kwenye ukuta hurudi yalikotoka. Lakini haya ya mia nane huzunguka kilima, hupenya magogo, na kuingia jikoni kwa mwanamke mjane bila kupiga hodi. Hapa Kuikkaperä hata pasta hafanyi hivyo.

2. Kuhusu habari. Zamani kila aliyetaka kuongea na Tampere aliongea hadharani, juu ya jiwe, na kijiji kikajua. Sasa mimi sijui kama jino la Sini limeng'olewa au bado.

3. Kuhusu afya. Mtu anaweza kusema Bi. Raili ana nyonga mbovu na jiwe linateleza. Nakubali. Lakini nyonga ni kama bawaba ya mlango wa zizi: isipotumika, hushika kutu. Nimefanya kazi na bawaba miaka arobaini. Nilikuwa tayari kumshika mkono kwenye mteremko, na nilikuwa nimeanza kufikiria namna ya kulisema hilo, pengine kufikia majira ya kuchipua, ndipo simu ikaletwa.

4. Kuhusu jitihada zangu binafsi. Usidhani nimekimbilia ofisini kwako bila kujaribu. Jumamosi ya tarehe 18 nilijitolea kumpangia Bi. Raili kuni za majira ya baridi. Nilizipanga kwenye ukuta wa jikoni, upande unaotazama mnara, mbichi, magogo manene, kuanzia chini hadi dirishani, mzigo wa trekta mbili na nusu. Kuni mbichi hunywa mawimbi ya simu, nimesoma. Jioni nilimuuliza kwa kuzungukazunguka hali ya mtandao ikoje. Akasema mistari ilikuwa minne, sasa ni mitatu na nusu, halafu akanishukuru kwa kuni.

5. Kuhusu kahawa. Hapa, Mheshimiwa, naomba uketi.

Unajua kama nijuavyo kwamba mtu mwenye malezi haingii kwa jirani bila shughuli, na akikaribishwa kahawa hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili, na mara ya tatu husema basi, tone moja tu, kisha hunywa vikombe vinne. Ndivyo tulivyolelewa. Siku ile ya kuni, Bi. Raili alisimama mlangoni akasema niingie ninywe kahawa. Nikakataa, vizuri kabisa, nikasema nina matope. Akafungua mdomo kunikaribisha mara ya pili. Simu ikalia. Akainua kidole nisubiri, akaingia ndani. Nilisubiri dakika nne. Zaidi ya hapo mtu anaonekana anataka kahawa. Nikaenda nyumbani nikiwa na kukataa kumoja kumetumika na kumoja bado kamili mfukoni.

Kwa masafa ya juu jambo hili lisingewezekana. Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu.

6. Kuhusu heshima yangu. Niliendelea kupanda jiweni peke yangu mpaka tarehe 21. Siku hiyo Kauko alinikuta huko akitafuta mbwa wake. Aliniangalia, akaangalia chupa ya kahawa na vikombe viwili, akasema, "Oiva, wengine huachwa kwa ajili ya mwanamume. Wewe umeachwa kwa ajili ya bendi." Tangu siku hiyo sijapanda tena. Simu yangu iko kwenye droo ya vijiko. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Bi. Raili akiniona uani hunionyesha ile simu yake mpya dirishani, anaigongagonga kwa kidole na kunielekezea mimi, kama mvuvi anayeringia samaki mkubwa. Sikumtarajia awe mtu wa majivuno. Mimi hugeuka nikatazama kuni.

7. Kuhusu usalama wa taifa. Jiwe sasa limekaliwa na hirvi dume, yule mnyama mkubwa wa misitu yetu, mwenye pembe kama majembe mawili, anasimama pale asubuhi akiutazama mnara. Njia yetu imeanza kuota miti. Fanya hesabu mwenyewe: simu ikishika jikoni, mtu hatoki, mtu asipotoka, njia hufungwa, njia zikifungwa, msitu husonga. Kwa mwendo nilioupima kwa kamba, msitu utafika mlangoni kwa ofisi yako baada ya miaka mia moja na kumi. Mtakuwa ndani, mmezungukwa na hirvi, mna mistari minne kamili, na hamna wa kumpigia.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu:

(a) masafa ya mia nane yazimwe Kuikkaperä kila siku kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi. Kama haiwezekani kuzima kijiji kimoja, sina kipingamizi na mashariki yote ya nchi;

(b) simu ya bendi nyingi iwe na leseni kama bunduki ya kuwindia hirvi, pamoja na mtihani na kabati la chuma, na ufunguo ukae kwa jirani anayeaminika. Najitolea;

(c) mnara uhamishiwe nyuma ya kilima. Trekta ninalo.

Natambua una kazi nyingi. Sitaki fidia wala msamaha. Nataka tu saa nne na robo irudi mahali pake.

Kwa kuwa ofisi yako haipokei tena barua za karatasi, nitaipiga picha hii na kupanda jiweni kuituma, hirvi akiniruhusu. Wasalimie wafanyakazi wote wa masafa, ya juu na ya chini, kwani najua wao hawakuyatunga. Msalimie bawabu wenu, na mwenzi wako nyumbani, na kama ana shangazi kijijini, msalimie shangazi.

Nabaki raia mtulivu,

Oiva Pöntinen
Fundi mstaafu

Nyongeza. Mheshimiwa, naandika haya nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya kuazima.

Nilipanda jiweni kama nilivyosema, saa sita kasoro. Hirvi alikuwa ameenda zake. Nilipoiwasha simu ikashika mtandao, ikaanza kutetemeka, na haikuacha mpaka nikaiweka chini. Zilikuwa jumbe kumi na tisa, zote za aina moja: umepigiwa na Raili Tuovinen, saa nne na robo. Wa kwanza ni wa tarehe 22 Oktoba. Wa mwisho ni wa leo. Hakuna siku aliyoruka, hata Jumapili.

Nilishuka bila kutuma kitu. Sikumbuki vizuri njia, ila nakumbuka haikuwa imeota miti kiasi nilichokuandikia.

Nilipofika mlangoni kwake nilikuwa bado natafuta shughuli ya kusema imenileta, nikasema nimekuja kukagua kuni. Bi. Raili alikuwa ameegemea fimbo. Akasema, "Nimekukaribisha kahawa kwa mdomo mara moja na kwa simu mara kumi na tisa. Hata kwa desturi za marehemu mama yako, umeshakataa vya kutosha. Vua viatu."

Nikavua. Nilimuuliza, tulipofika kikombe cha pili, kwa nini hakuvuka tu ua akaja kunigongea, badala ya kunionyesha simu dirishani. Akanishangaa. "Ningekuja kwa shughuli gani?" akasema. Alidhani nimekasirika kwa sababu hapandi tena. Akaongeza kwamba kuni zimezuia upepo vizuri, na kwamba angependa kujua jambo moja: katika miaka miwili ya kusikiliza mgongoni kwake foleni ya benki, ilikuwaje kila nilipofika namba mbili nikakata? Nikasema nilikuwa sina swali la kuwauliza. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza. Mkate wa iliki ulikuwa wa leo.

Kwa hiyo, ombi (a) nalifuta. Ombi (b) nalifuta pia, maana Sini analeta simu nyingine kama ile wiki ijayo, na kabati la chuma sina. Ombi (c) unaweza kuliacha kwenye faili. Trekta bado lipo. Barua hii inatumwa kutoka jikoni kwa Bi. Raili, kwa simu yake, kwa masafa ya mia nane, kupitia trekta mbili na nusu za kuni mbichi, na kwa kadiri ninavyoona itapita bila shida.

Kabla ya kuituma nilitoka kidogo nikahesabu. Kwenda jiweni ni hatua elfu moja na mia mbili. Kutoka mlango wake hadi wangu ni sitini na mbili.